Nyanya za nyumbani Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua mbegu

Ingia duka lolote la pembejeo hapa Mwanza mjini, utakuta pakiti za mbegu za nyanya zimepangwa ukutani, kila moja na picha ya nyanya nyekundu zinazong'aa. Picha hizo zinafanana zote na hazikusaidii kuchagua. Mbegu nyingi pale zimelengwa kwa mkulima anayejaza matenga na kuyapakia kwenye lori. Yeye anataka nyanya ngumu, zisizobondeka njiani, zinazoiva kwa mkupuo. Wewe mwenye matuta mawili nyuma ya jiko unataka nyanya chache kila siku, zenye ladha, kwa miezi mingi iwezekanavyo, kwenye udongo huo huo ulio nao. Majibu haya ni ya mtu wa matuta mawili.

Sijawahi kupanda nyanya. Nianze na mbegu gani?

Anza na Tengeru 97 au Tanya. Zote mbili zilitolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti cha Tengeru kule Arusha, ambacho leo kinaitwa TARI Tengeru, kwa kushirikiana na World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga. Ni mbegu zilizochaguliwa hapa hapa nchini, na zimeshapita mikononi mwa wakulima wengi kiasi kwamba tabia zake zinajulikana. Tengeru 97 ina ngozi nene, inakaa siku nyingi bila kuoza, na inavumilia mnyauko fusari, ugonjwa wa ukungu wa ardhini unaonyausha mmea, pamoja na minyoo fundo ya kwenye mizizi. Tanya ni fupi, inazaa vizuri, na tunda lake ni gumu. Mbegu zake ni za bei nafuu, na unaweza kukamua zako mwenyewe kwa ajili ya msimu ujao.

Lakini usipande aina moja peke yake. Hata kama una nafasi ya miche kumi tu, gawanya aina mbili. Nyanya zikipata shida utajua kama tatizo ni mbegu au ni udongo, na ikiwa aina moja imeshindwa, mboga ya nyumbani haikosi kiungo.

Nyanya fupi na nyanya ndefu zinatofautiana nini zaidi ya urefu?

Hili ndilo swali ningependa kila mtu aulize kabla ya kutoa hela dukani.

Nyanya fupi hukua hadi kiasi fulani, ncha ya shina ikafunga na ua, basi hapo kimo kimeisha. Matunda yake huiva karibu kwa pamoja, ndani ya wiki chache. Tanya, Roma VF, Cal J, Rio Grande na Assila F1 ziko kundi hili. Hazihitaji kupunguzwa vichipukizi, na ukizipunguzia unapunguza matunda yenyewe.

Nyanya ndefu haina mwisho wa namna hiyo. Inaendelea kupanda, inatoa maua juu huku chini unachuma, na ikitunzwa inaweza kukulisha kwa miezi kadhaa. Money Maker ni ya namna hii, na Anna F1 vilevile, ingawa Anna hupendwa zaidi na wenye vitalu nyumba. Kazi yake ni kubwa zaidi: lazima usimike miti imara, ufunge shina kila linapopanda, na uondoe vichipukizi vinavyoota kwenye kwapa la jani. Kichipukizi kikiwa na urefu wa kidole unakivunja kwa mkono asubuhi, kinakatika kwa urahisi na kidonda kinakauka kabla ya jioni.

Maoni yangu hayana kigugumizi: kwa bustani ya nyumbani, nyanya ndefu inalipa kuliko fupi. Mkulima wa biashara anaikwepa kwa sababu ya gharama ya miti na vibarua. Wewe una miche sita, miti sita utaipata. Utachuma nyanya tatu leo, nne kesho kutwa, na hutajikuta na ndoo mbili za nyanya wiki moja kisha mwezi mzima unarudi kwenye fungu la sokoni. Kama huna muda wa kufunga na kuvunja vichipukizi, panda fupi kwa awamu: miche mitano sasa, mingine mitano baada ya wiki tatu.

Herufi zilizoandikwa kwenye pakiti zina maana gani?

Hapo ndipo penye habari yenyewe, na wengi wanapita bila kusoma.

V ni uvumilivu wa mnyauko vetisilia. F ni mnyauko fusari, na mara nyingine hufuatiwa na namba za makundi ya ugonjwa huo. N ni minyoo fundo. T, Tm au ToMV ni virusi vya batobato. TYLCV ni virusi vinavyokunja majani na kuyafanya ya njano, ugonjwa ambao wakulima wengi wanauita rasta. Bw au Rs ni mnyauko bakteria. Kwa hiyo Roma VF inavumilia minyauko miwili, lakini jina lake halisemi lolote kuhusu rasta wala minyoo.

Jihadhari na F1. Haihusiani kabisa na ile F ya fusari. F1 ina maana kwamba mbegu ni chotara wa kizazi cha kwanza, basi. Chotara anaweza kuwa na uvumilivu wa magonjwa sita au asiwe nao hata mmoja. Muuzaji akikuambia "hii ni F1, haiugui", mwombe akuonyeshe herufi nyingine kwenye pakiti.

Pia ujue kwamba kuvumilia si kutougua. Mmea unaovumilia rasta unaweza kupata virusi ukaendelea kuzaa. Usiovumilia hudumaa palepale.

Udongo wangu ni mchanga mtupu wa mlimani. Jirani yangu wa bondeni ana udongo mweusi. Tupande mbegu moja?

Hapana. Nendeni kila mtu na yake.

Milima yetu ni ya mawe ya matale, na mawe hayo yakimomonyoka hutoa mchanga ambao Wasukuma wanauita luseni. Ni udongo mwepesi, unalimika hata kwa jembe bovu, lakini haushiki maji wala mbolea. Ukimwagilia asubuhi, saa tisa alasiri umeshakauka. Nyanya zenye tunda la umbo la yai, kama Roma, zinateseka hapo kwa kuoza kitako: tunda linaanza kuwa na doa jeusi lililobonyea upande wa chini, kabla hata halijaiva. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalisiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Aina za mviringo zinaoza kitako mara chache kuliko za umbo la yai. Kwa hiyo kwenye luseni chagua za mviringo, weka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila mita ya mraba, tandaza nyasi kavu juu, na mwagilia kidogo kidogo kila siku kuliko kumwaga ndoo tano Jumamosi. Minyoo fundo nayo inapenda mchanga, hivyo tafuta mbegu yenye N.

Jirani wa bondeni ana tatizo la kinyume. Udongo wa mbuga unashika maji mpaka mizizi inakosa hewa, kisha kiangazi unapasuka nyufa. Yeye ainue matuta, angalau sentimita 30, na asithubutu kupanda nyanya hapo katikati ya masika. Na kwa kuwa maji yote ya mlimani yanaishia kwake, ndiye anayepokea pia magonjwa ya mashamba ya juu. Anahitaji mbegu yenye uvumilivu wa minyauko kuliko mtu mwingine yeyote.

Nipande mwezi gani, na je, msimu unabadilisha mbegu ya kuchagua?

Unabadilisha sana.

Mwanza iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ingawa tuko karibu na ikweta usiku unapoa vya kutosha. Ni jambo jema, maana nyanya hudondosha maua usiku ukiwa wa joto kali, na huku kwetu shida hiyo ni ndogo. Unaweza kupata nyanya mwaka mzima. Kinachobadilika ni adui.

Mvua zetu zinakuja kwa awamu mbili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Wakati huo majani yanalowa, na bakajani anaingia. Bakajani tangulia huanza na majani ya chini, akichora madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Bakajani chelewa ana haraka zaidi: madoa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na ndani ya siku chache mmea mzima umeungua. Tengeru 2010 na Duluti zilichaguliwa kwa ajili ya kumvumilia huyu wa pili. Ukizipata, ndizo za kupanda wakati wa mvua. Ukizikosa, panda nyanya ndefu kwenye miti, uondoe majani yote yanayogusa udongo, na ikiwezekana weka kipaa cha nailoni nyeupe juu ya tuta. Money Maker nayo wakati wa mvua hupasuka, kwa sababu ngozi yake ni laini na tunda hunywa maji ghafla.

Kuanzia Juni hadi Septemba majani ni makavu, bakajani anapungua, lakini inzi weupe wanaongezeka nao ndio wanaobeba rasta. Hapo Assila F1, au nyingine yenye TYLCV kwenye pakiti, inastahili bei yake.

Kwa anayeanza, kiangazi ndio msimu rahisi. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, hamisha miche mwishoni mwa Mei ikiwa na majani halisi manne hadi sita, na katikati ya Agosti utakuwa unachuma.

Miche yangu inanyauka ghafla ikiwa bado kijani, na nikimwagilia haiinuki. Nibadilishe mbegu?

Kwanza ujue ni mnyauko upi, la sivyo utanunua mbegu kwa kubahatisha. Ng'oa mmea mmoja ulionyauka. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, kisha kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa imezama kidogo. Usiitikise glasi. Angalia kwa dakika chache kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Maji yakibaki safi na ndani ya shina kuna mistari ya kahawia, huku majani ya chini yalianza kuwa njano upande mmoja kabla ya kunyauka, fikiria fusari.

Kama ni fusari, mbegu inakusaidia. Tengeru 97 au yoyote yenye F inaweza kukaa hapo.

Kama ni bakteria, nikuambie ukweli: hakuna dawa ya kupulizia inayotibu mnyauko huu, hata ukiuziwa kwa maneno matamu. Bakteria hao wanakaa ardhini kwa miaka, na wanasafiri na maji yanayotiririka, na jembe, na viatu. Bustani ya mteremkoni hupata ugonjwa kutoka bustani iliyo juu yake. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, usiutupe kwenye mboji, chimba mfereji wa kuzuia maji ya juu yasipite kwenye matuta yako, na pumzisha eneo hilo lisipandwe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, mnavu wala viazi mviringo. Hizo zote ni ukoo mmoja na zinalisha ugonjwa. Panda mahindi, au vitunguu.

Kwa mwenye subira kuna njia nyingine: kubebesha. Unaunganisha kichwa cha nyanya uipendayo kwenye shina la bilinganya linalohimili mnyauko bakteria. World Vegetable Center wamefundisha njia hii kwa miaka mingi, na wana bilinganya maalumu kwa kazi hiyo. Inahitaji wembe safi, vibanio vidogo, na siku kadhaa za kuweka miche kivulini penye unyevu mpaka kidonda kishike.

Kuna mbegu isiyoliwa na kantangaze?

Hakuna. Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, alionekana nchini mwaka 2014 na hajachagua aina. Ukiona jani lina mabaka meupe yanayopenya mwanga, chuma na uchome moto. Miche ifunike kwa neti kitaluni, na matunda yaliyotobolewa usiyaache chini ya mmea.

Chotara ni ghali. Nikinunua mara moja, siwezi kukamua mbegu zake?

Kukamua utakamua na zitaota, ila watoto hawatafanana na mama. Mmoja atakuwa mrefu, mwingine mfupi, mwingine atapoteza ule uvumilivu wa rasta uliolipia. Ukitaka mbegu za kuhifadhi, panda Tanya, Tengeru 97, Roma VF, Cal J au Money Maker. Nyanya hujichavusha yenyewe ndani ya ua, kwa hiyo hata ukiwa na aina mbili jirani, mchanganyiko ni mdogo.

Chagua mmea usiougua tangu mwanzo, si tunda kubwa kuliko yote. Tunda liive kabisa mmeani. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu mpaka ule utelezi uchachuke na kuachia, kisha suuza mpaka maji yawe safi na uanike kivulini juu ya sahani. Usianike kwenye karatasi, zitagandia. Unyevu wa ziwani huharibu mbegu haraka, kwa hiyo weka kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, na mchele mkavu kidogo chini wa kufyonza unyevu.

Na mbegu za nyanya niliyonunua sokoni Kirumba?

Zitaota. Lakini hujui kama mama yake alikuwa chotara, wala alikotoka, wala alikuwa na virusi gani. Baadhi ya magonjwa ya nyanya husafiri juu ya ganda la mbegu. Kwa bei ya pakiti ndogo ya Tanya, sioni sababu ya kujiletea ugonjwa ambao utabaki kwenye udongo baada ya nyanya kuisha.

Ipi ni tamu zaidi kwa kachumbari, na ipi kwa mchuzi?

Kwa kachumbari ya kulia sato wa kukaanga, Money Maker. Ina maji, ina uchachu unaolingana na utamu, na ngozi yake haikwami mdomoni. Ndiyo maana haifai lori, na ndiyo maana inafaa kwako. Kwa mchuzi mzito wa sangara au rosti, Roma VF na Cal J zina nyama nyingi na maji machache, zinaiva na kushika mchuzi bila kutumia mkaa mwingi. Tanya iko katikati, inafaa kote lakini haiongozi popote.

Ladha hata hivyo haitoki kwenye mbegu peke yake. Aina nzuri ikichumwa ikiwa kijani na kuivishwa kabatini itakuwa na ladha ya maji. Chuma ikiwa nyekundu, na usiiweke kwenye friji kabla haijaiva, baridi inaua harufu yake.

Ndugu yangu yuko Italia anataka kuniletea mbegu za San Marzano. Apakie kwenye begi?

Asipakie hivi hivi. Mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha kuingiza pamoja na cheti cha afya ya mimea, na mamlaka inayohusika ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Si ubabe wa serikali: virusi vipya vya nyanya vinatembea duniani kwa njia ya mbegu, na pakiti moja inatosha kuviingiza. Tena San Marzano ni ndefu ya umbo la pilipili, inaoza kitako kwa urahisi. Kwenye luseni itakuvunja moyo.

Nyumba yangu iko juu ya mawe, sina udongo kabisa. Viroba vinafaa?

Vinafaa sana, na wakazi wa milimani kama Isamilo au Mabatini wana faida moja: ukinunua udongo safi, mnyauko bakteria hauna njia rahisi ya kuingia. Tumia ndoo ya lita 20 au salfeti iliyokunjwa, mche mmoja kila chombo, matundu chini. Changanya udongo sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Hapa panda aina fupi. Nyanya ndefu kwenye kiroba juu ya jabali hupigwa na upepo wa ziwani alasiri na kung'oka na mti wake. Mawe hurudisha joto, hivyo weka viroba mahali panapopata kivuli kuanzia saa tisa, na usikate majani yanayofunika matunda, yataungua na jua na kufanya makovu meupe.

Kiwanja changu kinagusa ziwa. Nilime mpaka kwenye maji?

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mbolea yako ikiingia majini inalisha magugu maji. Ukichota maji ya ziwa kumwagilia, yaache kwenye pipa siku mbili kwanza, kwa sababu vijidudu vya kichocho hufa vikikosa mtu wa kumwingia, na vaa mabuti unapochota.

Nitajuaje kama pakiti ni halali?

Mbegu iliyothibitishwa ina kibandiko cha TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Tazama pia namba ya bechi, tarehe ya kufungashwa na asilimia ya uotaji. Pakiti iliyoning'inia juani kwenye mlango wa duka iache hata kama haijaisha muda, mwombe muuzaji nyingine kutoka ndani. Kabla ya kusia zote, chukua mbegu kumi, zikunje kwenye kitambaa kibichi, weka kwenye mfuko mahali penye joto. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu. Zikiota nane au zaidi, sia kama kawaida. Zikiota tano, sia mara mbili ya idadi unayotaka. Zikiota chini ya hapo, rudisha pakiti dukani na kile kitambaa ukiwa nacho mkononi.